Mkaa wa kwenye filta ya barakoa unaua sumu au unaishika tu? Yangu imenirudishia harufu ya thina

#1 Mpuliza_Rangi
Wakuu habari. Naomba wenye kemia yao mnisaidie maana hili jambo limenikaa kichwani. Kazi yangu ni kupuliza rangi, navaa ile barakoa ya mpira yenye katriji (makopo ya filta) mbili za pembeni, zina mstari wa kahawia. Ijumaa nimepiga nayo kazi vizuri tu, harufu hakuna kabisa, nikaivua nikaitundika kwenye msumari juu ya meza ya kuchanganyia rangi nikaenda zangu. Jumatatu asubuhi naivaa kabla sijafungua kopo lolote, chumba kisafi, madirisha wazi, pumzi ya kwanza tu nakutana na thina puani, ile harufu yake ya utamutamu kabisa. Nikaendelea kuvuta ikawa inapungua mpaka ikapotea.
Sasa siku zote naambiwa ule mkaa wa ndani "unaua" sumu. Kama iliuawa Ijumaa, Jumatatu imefufukaje? Na kama haikuuawa ina maana natembea na sumu niliyoikusanya mwenyewe, inasubiri kunirudia?

#2 Kaa_Chonjo
Swali zuri sana hili, napiga kambi hapa nasubiri wataalamu.

#3 Chembechembe
Mkuu hapo jibu ni fupi, inashikwa. Mkaa amilifu hauvunji molekuli ya thina, unaikamata tu kwenye kuta za vitundu vyake kwa nguvu ndogo ndogo za mvutano, zile za van der Waals. Hakuna mmenyuko wa kemikali hapo. Uwezo wake unatokana na uso, gramu moja tu ya mkaa wa aina hiyo ina uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500 ukijumlisha kuta zote za ndani, na vitundu vinavyofanya kazi kubwa ni vile vyenye upana chini ya nanomita 2, yaani molekuli ikiingia inabanwa na kuta pande zote mbili ndo maana haitoki kirahisi.
Ila "haitoki kirahisi" siyo "haitoki". Joto likipanda, hewa safi ikipita, au ikija molekuli nyingine yenye nguvu zaidi, inatoka nzima nzima ikiwa ni thina ile ile.

#4 Jiko_la_Kuni
Samahani wakuu, kwa hiyo nikichukua mkaa wa jikoni nikausaga nikajaza kwenye kopo si nimepata filta?

#5 Chembechembe
#4 hapana ndugu yangu, na naomba mtu yeyote asijaribu. Mkaa wa jikoni vitundu vyake vingi vimezibwa na lami na mabaki ya kuungua. Wa filta baada ya kuchomwa unapitishwa kwenye mvuke wa maji kwenye nyuzi joto kama 800 hadi 1,000, ule mvuke unakula kaboni kidogo kidogo na kufungua vitundu vipya. Au wanatumia asidi ya fosforiki kabla ya kuchoma. Vifuu vya nazi ndo vinapendwa sana kwa filta za gesi kwa sababu vinatoa vitundu vidogo vidogo vingi na punje ngumu zisizobomoka kuwa vumbi. Kwa macho mikaa yote miwili ni mieusi tu, tofauti iko ndani huko.

#6 Mama_Usalama
Habari zenu. Mimi nashughulika na usalama kazini, hii ya Mpuliza_Rangi naiona mara nyingi. Chembechembe yuko sawa kuhusu kushika, ila hajaeleza kwa nini ni Jumatatu na siyo Ijumaa ile ile.
Ukitumia katriji, thina haisambai sawasawa kwenye mkaa, inajaza tabaka la mbele kwanza, lile lililo upande wa nje, la nyuma lililo karibu na pua yako linabaki safi. Ukiiweka wikendi nzima bila hewa kupita, molekuli hazikai zilipo, zinahama polepole kutoka kulikojaa kwenda kulikokuwa wazi mpaka zinafika upande wa ndani. Ukivuta pumzi ya kwanza Jumatatu unazisukuma zile zilizofika mwisho. Ndo maana ilianza kali ikapungua.
Jambo la pili, na hili ndo kubwa. Mstari wa kahawia herufi A ni kwa viyeyushi vinavyochemka juu ya nyuzi joto 65. Toluini inachemka 111, hiyo sawa. Lakini thina nyingi zina asetoni na asetoni inachemka 56. Ya namna hiyo inataka katriji ya AX, nayo kwa utaratibu haitumiki zaidi ya zamu moja, ikishafunguliwa ikatumika inatupwa hata kama umeivaa nusu saa, sababu yenyewe ndo hii ya kuhamahama.

#7 Mzee_wa_Gasketi
Mnamzungusha kijana wa watu. Katriji haina kosa, mwenye kosa ni mpira. Mpira wa barakoa unakunywa thina, uache siku mbili tatu utaitema. Nimefanya kazi na gasketi na mipira umri mrefu, tia kipande cha mpira kwenye asetoni au toluini uone kinavyovimba, halafu kitoe kiache kikauke, harufu inakaa siku na siku. Harufu aliyoisikia haikupita kwenye mkaa kabisa, ilikuwa tayari ndani ya uso wa barakoa, kati ya mpira na pua yake.
Kujua ni rahisi, funga katriji mpya kwenye mpira ule ule. Harufu ikibaki ni mpira.

#8 Kipimajoto
Na unyevu mnausahau? Mkaa mkavu haupendi sana maji hewa ikiwa kavu, lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 50 au 60 hivi mambo yanageuka, molekuli za maji zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe ndani ya vitundu na kuvijaza. Ni kama viti vya ukumbini, aliyekaa kwa kulegea anainuliwa na anayekuja na kundi lake. Asetoni imekaa kwa kulegea. Barakoa imetundikwa wazi wikendi nzima, usiku hewa ina unyevu, asubuhi maji yamekaa kwenye viti asetoni imesimama mlangoni. Tena pumzi yako mwenyewe ina unyevu.

#9 Mama_Usalama
#8 kwa asetoni nakubali, kwa toluini sikubali sana. Toluini inang'ang'ania mkaa vizuri, maji hayaiondoi kirahisi hivyo, yanachofanya ni kupunguza nafasi kwa toluini mpya inayokuja. Na pumzi ya kutoka haipiti kwenye katriji, inatokea kwenye vali ya mbele.

#10 Kipimajoto
Kama vali ni nzima mama. Ikiwa imeganda rangi?

#11 Mpuliza_Rangi
Asanteni sana. Niongeze maelezo: thina ninayotumia kwenye kopo imeandikwa toluini na asetoni zote mbili. Alafu ule mpira huwa naupangusa na kitambaa chenye thina kidogo rangi ikigandia, mafundi wote pale ndo tunavyofanya.

#12 Mzee_wa_Gasketi
Nilisema mimi!! Mpira unanyweshwa thina kila jioni halafu mnamsingizia mkaa. Mpira huo ungeweza kuongea ungeshafungua uzi wake humu kulalamika. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, toa katriji kwanza, kausha kivulini.

#13 Vita_na_Visa
Naongeza historia kidogo. Huu mkaa wa kwenye barakoa ulienea sana wakati wa vita kuu ya kwanza. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia mitungi ya klorini pale Ypres, Ubelgiji. Vifaa vya mwanzo vya kujikinga havikuwa na mkaa, ilikuwa vitambaa na pamba zilizolowekwa sodiamu thayosalfeti na magadi, unafunga puani na mdomoni. Sasa angalieni, vile vitambaa vilikuwa VINAUA kwelikweli, thayosalfeti inaigeuza klorini kuwa kloridi ya kawaida tu. Shida ni kwamba ikija gesi nyingine, fosjini kwa mfano, dawa ile haina habari nayo. Mwaka huo huo 1915 mkemia wa Kirusi Nikolai Zelinsky akaja na barakoa ya mkaa, ambayo haichagui sana adui, inashika karibu kila kizito kinachopita.
Na 1918 Marekani waliomba raia wakusanye kokwa za pichi na maganda magumu ya kokwa nyingine, watoto wanaokota, ili wapate mkaa mgumu wa barakoa za askari.
Kwa hiyo jibu langu kwa #1: kwenye vita hiyo kuua kulianza, kushika kukaja baadaye kwa sababu kushika kuna upana zaidi.

#14 Mzee_wa_Gasketi
Ongeza na hili kijana wangu, Zelinsky alileta mkaa, ila uso wa mpira wa ile barakoa aliuunda mhandisi Kummant. Bila mpira wa kukaa vizuri usoni mkaa wake ungebaki kwenye ndoo.

#15 Chembechembe
#13 umenikumbusha nirekebishe kitu, siyo kila filta ni kushika tu. Kuna gesi ndogo ndogo nyepesi ambazo mkaa mtupu hauziwezi, sainidi ya hidrojeni, kloridi ya sainojeni, amonia. Zinaingia na kutoka kama hakuna mtu nyumbani. Kwa hizo mkaa unapakwa dawa. Za kijeshi zamani zilipakwa shaba, fedha na kromiamu, na hiyo kromiamu ilikuwa ya aina ya sita inayosababisha kansa, wakaja kuiondoa wakaweka zinki na molibdenamu, pamoja na kitu kinaitwa TEDA. TEDA hiyo hiyo inapakwa kwenye mkaa wa vinu vya nyuklia kukamata iodini iliyojificha ndani ya iodidi ya methili.
Zebaki nayo hivyo hivyo, mkaa unapakwa salfa, mvuke wa zebaki ukifika unageuka kuwa salfaidi ya zebaki ambayo hairudi kirahisi.
Kwa hiyo filta hizo mkaa ni nyumba, na ndani ya nyumba kuna mlinzi mwenye kazi maalumu.

#16 Kaa_Chonjo
Kwa hiyo rangi za mistari ndo zinaonyesha mlinzi gani yuko ndani?

#17 Mama_Usalama
Ndiyo. Kwa mfumo wa Ulaya kahawia ni mvuke wa viyeyushi, kijivu ni gesi kama klorini na salfaidi ya hidrojeni, njano ni dioksidi ya salfa na wenzake wa asidi, kijani ni amonia, nyekundu ni zebaki, nyeupe ni vumbi. Katriji moja inaweza kuwa na mistari kadhaa. Usibebe ya kahawia kwenye amonia kwa kuwa "nayo ina mkaa". Na nchi nyingine zina rangi zao, soma maandishi usiishie kwenye rangi.

#18 Jenereta_Fundi
Na moshi wa jenereta? Kuna chumba cha chini kina jenereta, nilikuwa nawaza niwe naingia na barakoa kama hii.

#19 Mama_Usalama
#18 USIINGIE NAYO. Kaboni monoksidi inapita kwenye mkaa kama vile hakuna kitu, na haina harufu ya kukustua. Inayoiweza ni mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, unaitwa hopkaliti, huo unaigeuza kuwa dioksidi ya kaboni. Lakini ukipata unyevu unakufa ndo maana mbele yake huwekwa kikaushio, na hewa inayotoka huko inakuwa ya moto. Hiyo ni vifaa maalumu vya kutorokea hatari, siyo vya kufanyia kazi.
Alafu chumba kilichofungwa kinaweza kuwa na oksijeni pungufu. Hakuna filta duniani inayotengeneza oksijeni. Chini ya asilimia 19.5 unatakiwa uwe na hewa ya mtungi au ya bomba, siyo katriji.
Na niwaambie kitu ambacho wengi hawakitegemei, mkaa amilifu wenyewe ukiwa umelowa unanyonya oksijeni ya hewa. Matangi makubwa ya kusafishia maji yaliyojaa mkaa uliolowa maji, mtu akiingia kufanya usafi bila kupima hewa anaweza kuanguka humo humo. Hakuna sumu wala harufu, ni mkaa tu umekula oksijeni.

#20 Jenereta_Fundi
Asante mama, siingii. Tutaipeleka jenereta nje.

#21 Zirkoni
Wakuu mnazungumza habari za 1915, twendeni mbele. Tuzo ya Nobel ya kemia 2025 imekwenda kwa watu wa vitu vyenye vitundu, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Vinaitwa MOF, ni viungo vya metali vilivyounganishwa na vijiti vya molekuli za ogani mpaka inakuwa kama jengo la vyuma lenye vyumba vitupu, na vyumba hivyo unachagua mwenyewe ukubwa. Mkaa vitundu vyake vimejitokea tu hovyo, hivi vinapangwa. Kuna moja, NU-110, gramu moja ina uso wa zaidi ya mita za mraba 7,000.
Na hizi ZINAUA. Ile ya zirkoniamu, NU-1000, walionyesha 2015 kwamba inavunja sumu za mishipa ya fahamu kama somani, nusu ya sumu inakuwa imevunjika ndani ya dakika chache. Jinsi inavyofanya: zile zirkoniamu zilizo kwenye fundo (kile kiungo cha metali) zinashika fosforasi ya sumu, zinalegeza kifungo chake, molekuli ya maji inapiga pale pale, kifungo kinakatika. Ni njia ile ile inayotumiwa na kimeng'enya cha bakteria kinachovunja viuatilifu, isipokuwa chenyewe kina zinki mbili. Na viuatilifu vya oganofosfeti ni ndugu wa karibu wa sumu hizo za kivita, kwa hiyo huko mbele mkulima naye atanufaika.

#22 Vita_na_Visa
Yaghi ndo alivumbua si ndiyo?

#23 Zirkoni
Siyo peke yake. Robson alijenga wa kwanza 1989 kwa shaba, ulikuwa unabomoka. Kitagawa 1997 akaonyesha gesi inaingia na kutoka bila jengo kuanguka. Yaghi ndo alizipa jina na 1999 akaleta MOF-5.

#24 Chembechembe
#21 ni kweli tupu lakini umeruka sehemu ngumu. Majaribio yale ya dakika chache yalifanywa kwenye maji yenye bafa ya besi (kemikali inayozuia maji kugeuka asidi), unga unaelea humo na kukorogwa. Kwenye barakoa hakuna bafa wala hakuna wa kukoroga, kuna hewa tu na unyevu wake. Ukiondoa besi kasi inashuka sana. Wakaanza kuweka besi ya plastiki, polima yenye amini, juu ya nyuzi za kitambaa pamoja na MOF, inasaidia, lakini besi hiyo hiyo inapenda kunywa dioksidi ya kaboni ya hewa.
Pili, kuua nako kunaacha maiti. Somani ikivunjika inabaki asidi ya fosfoniki na floridi, na ile asidi inapenda zirkoniamu kweli, inang'ang'ania pale pale kwenye fundo na kuziba nafasi ya kazi. Kwa hiyo muuaji anachoka kwa kuzibwa na alichokiua.
Tatu, MOF-5 unayoitaja ukiiacha kwenye hewa yenye unyevu inaanza kuporomoka. Za zirkoniamu kama UiO-66 iliyotoka Oslo 2008 ndo zinavumilia maji.

#25 Zirkoni
Sawa lakini hata mkaa una mipaka na tumeutumia zaidi ya miaka mia. Mimi nasema usiulinganishe MOF na mkaa kwenye kazi ya mkaa, ulinganishe kwenye kazi ambayo mkaa hauiwezi. Mfano gesi za arsini na fosfini zinazotumika viwanda vya chipu, zamani zilikuwa kwenye mitungi yenye presha kubwa, ikivuja ni balaa. Sasa mtungi unajazwa kitu chenye vitundu kinaikumbatia gesi mpaka presha ndani ya mtungi inakuwa chini ya ile ya hewa ya nje, ikitoboka hewa ndo inaingia, gesi haitoki kwa kishindo. Ilianza na mkaa na zeolaiti (madini yenye vitundu), MOF zikaja kubeba zaidi. Hapo hakuna kuua, ni kushika, na kushika kwenyewe ndo usalama.

#26 Kaa_Chonjo
Duh kumbe Zirkoni naye amehamia upande wa kushika 😂

#27 Zirkoni
Sijahama, kila kazi na kifaa chake.

#28 Unga_wa_Mbao
Mimi niko maabara, naleta upande mwingine, sumu iliyomwagika sakafuni. Watu wanaona kitu chochote chenye vitundu kinafaa kunyonyea. HAPANA. Niliwahi kumkuta mwenzangu anamwaga unga wa mbao juu ya asidi ya nitriki. Mwanzo inanyonya vizuri unafurahi, baada ya muda moshi wa kahawia unaanza kupanda na unga unapata joto, tukaufunika mchanga mkavu na kutoka nje wote. Asidi ya nitriki inachoma vitu vya ogani, na ukisha isambaza kwenye unga umeipa uso mkubwa wa kuchomea.
Mkubwa wa mfano huo ni WIPP, kituo cha kuzika taka za nyuklia huko New Mexico, Marekani. Tarehe 14 Februari 2014 pipa lilipasuka chini ya ardhi. Ndani lilikuwa na chumvi za naitreti, na kwa kunyonyea majimaji walitia mchanga wa choo cha paka, ila badala ya ule wa udongo walitia wa ngano. Ngano pamoja na naitreti, joto likajijenga polepole mpaka pipa likapasuka. Kituo kikafungwa karibu miaka 3.

#29 Jiko_la_Kuni
Mchanga wa paka???

#30 Unga_wa_Mbao
Ndiyo, wa udongo ni kitu kizuri sana cha kunyonyea, ni udongo wenye vitundu tu na hauungui. Shida ilikuwa kubadilisha udongo kwa nafaka.

#31 Vita_na_Visa
Na Alfred Nobel mwenyewe alitajirika kwa kitu chenye vitundu. Nitrogliserini ilikuwa inalipuka ukiitikisa, 1867 akaipatia hakimiliki ikiwa imenyweshwa kwenye udongo wa dayatomu, ikawa dainamiti, unaibeba bila kulipuka njiani. Leo tuzo yenye jina lake inakwenda kwa watu wa vitundu.

#32 Kipimajoto
Ila hapo udongo haukuishika ili isiue, uliishika ili ikafike salama kwenye kazi ya kulipua.

#33 Nishati_Mpya
Na nyuklia je, maana #15 kagusia iodini. Three Mile Island, Chernobyl, Fukushima, kote huko zeolaiti zilitumika kuvuta sizi (cesium, metali ya mionzi) kwenye maji machafu. Hizo hazitumii mvutano wa mkaa, zinabadilishana: ayoni ya sodiamu inatoka, ya sizi inakaa mahali pake, na vitundu vina kipimo kinachoitosha sizi. Lakini sizi-137 haiuliwi na kemikali yoyote, inabaki na mionzi yake na nusu yake inaisha kwa miaka kama 30. Kwa hiyo hapo mjadala wa kuua haupo, ni kushika na kulinda mpaka muda uifanyie kazi.

#34 Jiko_la_Kuni
Swali la mwisho kutoka kwangu, mtu akimeza sumu, si anapewa mkaa huu huu anywe?

#35 Mama_Usalama
Hospitali wanampa, tena mapema, saa ya kwanza ndo yenye faida zaidi, na ni wa kidawa siyo wa jikoni. Lakini hausaidii kwa asidi, magadi makali, mafuta ya taa, pombe, chuma wala lithiamu, na mtu aliyelegea akinyweshwa unaweza kuingia kwenye mapafu. Nyumbani msimpe mtu, mkimbizeni hospitali na kopo la alichomeza mlibebe.

#36 Feni_Kubwa
Nimechelewa kidogo. Sisi chumba cha rangi kina sanduku kubwa la mkaa kwenye feni ya kutolea hewa. Wakati mmoja tulibadilisha kiyeyushi kikawa cha aina ya ketoni, jioni feni imezimwa, sanduku likawa la moto ukigusa kwa nje, mlinzi akasikia harufu ya kuungua. Kwa nini lipate joto wakati hakuna moto?

#37 Chembechembe
#36 hilo ni hatari inayojulikana, ketoni na mkaa. Kwanza kila molekuli inaposhikwa inatoa joto kidogo. Pili ketoni zikiwa juu ya uso wa mkaa zinaoksidika taratibu, uso wenyewe unazichochea, hasa MEK na saikloheksanoni. Feni ikifanya kazi hewa inabeba lile joto, ikizimwa joto linabaki katikati ya mkaa na kuongezeka mpaka ukawaka. Waambie waweke kipima joto na kipima kaboni monoksidi kwenye hewa inayotoka, na wasizime feni mara tu kazi inapoisha.
Na wenye kusema mkaa hauui, hapo umeua ketoni, ila kwa namna usiyoitaka.

#38 Mama_Usalama
Mpuliza_Rangi nilisahau kukuuliza, rangi yako ina hadina (dawa ya kuigandisha)? Kama ni ya kuchanganya na hadina, mara nyingi ina isosayaneti, hiyo inakuumiza mapafu kabla hujasikia harufu yoyote, usiitegemee pua kabisa. Wengi wanaopuliza hiyo wanapewa hewa ya bomba. Na katriji zibadilishwe kwa ratiba ya masaa, siyo mpaka usikie.

#39 Mpuliza_Rangi
Hadina tunatumia baadhi ya kazi, nitaongea na bosi hilo la hewa ya bomba.
Mrejesho sasa. Nimeosha mpira kwa sabuni kama mzee alivyosema, nikafunga katriji mpya: harufu imepungua sana ila ipo kwa mbali. Nikarudisha katriji za zamani kwenye mpira huo huo uliooshwa: harufu ikaongezeka tena kidogo.

#40 Mzee_wa_Gasketi
Ya kwa mbali ni mpira, haujamaliza kutema. Uache wiki.

#41 Mama_Usalama
Na iliyoongezeka ni katriji, thina imehama kama nilivyosema.

#42 Kipimajoto
Au imesukumwa na maji. Zipime uzito, katriji za zamani na mpya za namba ile ile, uone zimebeba nini.

#43 Chembechembe
Mzani hautakwambia kilichobebwa ni thina au maji, vyote ni gramu tu. Kama unataka kupima, tundika katriji mpya nyingine wazi kwenye msumari ule ule wikendi nzima bila kuitumia, na nyingine ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Itakayoongezeka uzito bila kuvaliwa imekunywa hewa ya chumba, maji au mvuke wa makopo yaliyoko chini yake.

#44 Mpuliza_Rangi
Ijumaa nazitundika. Mzani wa kuchanganyia rangi unasoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, utatosha?

#45 Kipimajoto
Unatosha. Ila uandike na unyevu wa hewa kila ukipima, asubuhi na jioni, na makopo yote yafunikwe vizuri, maana moja likiachwa wazi hatutajua ni maji au ni thina.